Paji la Uso la Dada

Dada yangu alikuwa mpiga pasi. Aliingia kwenye duka la dobi nyuma ya kituo cha mafuta akiwa msichana, na hakuhama tena, ingawa kila mwaka aliapa kwamba huu ndio wa mwisho. Shati alianza na kola, akaja mabegani, akamalizia mgongoni. Akimwona mtu amevaa shati lililopigwa ovyo, alisema palepale barabarani, mwenye shati akisikia. Ulimi wake ulikuwa moto kuliko pasi yenyewe, na mimi mdogo wake niliunguzwa nao kuliko nguo yoyote.

Kitu kimoja tu alikikimbia, nacho ni kupigwa picha. Kachungulie picha za familia yetu: harusi, mahafali, watoto wachanga, sote tumo, meno nje kama tunauza dawa ya mswaki. Yeye hayumo kwa sababu ndiye aliyeshika simu. "Nyie kaeni, mimi napiga." Ukimvuta aje akae, ghafla anakumbuka sufuria iko motoni. Ya kitambulisho ilikuwepo, imefifia, na humo anatazama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Nilimtania kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Akanijibu kwamba langu lipo jikoni, ni vyombo, nikaoshe.

Kitinda mimba wake alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea usanifu wa vitabu na magazeti. Wakapewa kazi ya kumalizia masomo: kila mwanafunzi abuni jarida lake, alipe jina, apige mwenyewe picha ya jalada na kulipanga mpaka liwe tayari kwa mtambo wa kuchapia. Wenzake walitafuta wasichana warembo na vijana wenye vifua. Yeye akabuni jarida la watu wa kazi za mikono, akaliita Jasho, akasema jaladani atakaa mama yake. Wakati huo dada alishaanza kuvimba miguu, na daktari alishatuambia kwamba moyo wake umechoka. Sote tulijua binti anatafuta nini. Alitaka uso wa mama yake ubaki.

Dada alikataa katakata. Binti akambembeleza, akamvika kilemba cha ukoka, akalia kidogo. Mwishowe dada akakubali kwa sharti moja: kila picha aione palepale kwenye kamera, na asiyoipenda ifutwe mbele ya macho yake.

Siku hiyo nilikwenda nao kuwabebea vitu. Kamera ilikuwa ya chuo, ya kurudishwa jioni ileile. Binti alitaka shuka jeupe nyuma ya mama yake, na jingine nilishike mimi kando ili lirudishe mwanga wa dirishani. Mashuka yalikuwa ya wateja, na mwenye duka akajifanya hajaona. Dada, ambaye tayari alikuwa amekaa, akaliona kunjo, akainuka, akalishusha shuka na kulipiga pasi upya.

"Mama, huko nyuma hakutaonekana. Uso wako utajaza ukurasa mzima."

"Mimi nitajua lina kunjo."

Akarudi kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Binti anapiga, dada anadai kamera. "Futa. Hapa kama nimeamshwa usingizini." Inafutwa. "Hapa nina videvu viwili. Futa." Inafutwa. "Na huyu nani, mama mkwe wangu? Futa haraka kabla hajaanza kusema." Nilicheka mpaka shuka likanitoka mikononi, nikapata na mimi fungu langu la matusi. Mara mwenye duka akachungulia, akauliza kama leo nguo zitajipiga pasi zenyewe. Dada akamgeuzia macho, jibu liko tayari mdomoni, kicheko kiko karibu, na binti akabonyeza. Dada aliishika ile kamera muda mrefu. "Hii sawa," akasema. "Huyu ni mimi." Nyingine zote zilikuwa zimeshafutwa.

Mwalimu wao alikuwa na kanuni yake: uso ukijaza ukurasa, jina la jarida likae pajini, macho yaachwe huru. Binti akafanya alivyofundishwa. Akaliweka jina JASHO kwa herufi nene nyeupe, kuanzia juu ya nyusi hadi kwenye nywele. Mtu wa mtambo akamtaka aunganishe picha na maandishi yawe kitu kimoja ndipo apeleke, naye akaunganisha, akahifadhi juu ya picha ileile. Kamera ilisharudi chuoni, na kadi yake ilishafutwa ili mwanafunzi mwingine aitumie. Hakuona hasara yoyote. Mama yake alikuwa hai, angempiga nyingine.

Dada alifariki kabla alama hazijatoka, akiwa kitandani anavaa viatu aende kazini. Jalada lilipata alama za juu kuliko yote. Mwalimu alisifu sana jinsi herufi zilivyokaa.

Msibani tuliliweka lile jalada kwenye fremu, maana ndiyo picha tuliyokuwa nayo. Watu waliingia, wakatoa pole, wakainua macho na kumsoma marehemu. Mmoja aliniuliza kwa kunong'ona jarida hilo linauzwa wapi. Nilitamani kumtoa kwa kofi. Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi bomba asiye na maneno mengi, naye alivumilia mpaka watu wakatawanyika. Kisha akamwita binti yake.

"Mwanangu, mama yako ameandikwa usoni. Wewe ndiye uliyemwandika. Mfute maandishi, nimwone."

"Nitayafuta, baba."

Aliahidi huku akijua kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Chini ya zile herufi hakukuwa na kitu. Alijaribu kuchora paji jipya kwenye kompyuta, likatoka laini kama sahani. Akajaribu tena, akapata mwanamke mwingine kabisa, mzuri, ambaye hatumjui.

Akaja kwenye kibanda changu. Mimi ni kinyozi, na nilikuwa na mteja kitini.

"Mjomba, paji la mama lilikuwaje?"

Nilizaliwa nikamkuta, nimekula naye, nimegombana naye maisha yangu yote, na sikuweza kusema kama lilikuwa na mikunjo miwili au mitatu. Tukampigia simu mpiga pasi mwenzake dada wa pale dukani, akasema lilikuwa na alama ya kuungua upande wa kushoto. Mwenye duka akasema hapana, ni kulia, halafu akasema labda haikuwepo. Miaka yote hiyo tulikuwa tunamtazama mdomo tu, tukingoja atatutukana nini.

Mteja alipoondoka, binti akanitazama usoni.

"Mjomba, watu husema mnafanana."

"Kwa ubishi, labda."

"Kaa hapo dirishani."

Nikakaa. Akanitegea taulo jeupe kando, akapiga picha moja kwa simu yake. Sikuomba kuiona. Tangu msiba nilikuwa nimepata usingizi usiku mmoja tu, nao haukunisaidia kitu. Uso wangu wote ulikuwa umekunjamana kwa majonzi, na hivyo ndivyo alivyouchukua.

Tulikubaliana tusimwambie baba yake kwamba paji ni langu. Picha ilipotoka, ikaning'inizwa sebuleni, hata mimi nilishtuka. Alikuwa dada kabisa, karibu kucheka, bila herufi hata moja.

Shemeji alisimama mbele yake. Kisha akanyanyua mkono, akaweka kiganja juu ya kioo, pale juu ya nyusi.

"Hapa ndipo nilipokuwa nampima homa," alisema. "Asante, mwanangu. Ni yeye."

Binti hakuthubutu kunitazama. Mimi nikatoka nje, nikaegemea ukuta, nikalia.