Sura ya Kaka Ukurasa wa Mbele

Gazeti la yule bwana lilizaliwa jikoni kwangu, Tottenham, London, na sisemi hivi kwa kujisifu. Ningejua, siku aliyokuja na wazo lake nisingemfungulia mlango.

Wakati huo alikuwa dereva wa basi mwenye kompyuta iliyochoka na hamu ya kusikika. Aliandika yeye, nikasahihisha mimi. Jumamosi tulikunja kurasa mezani, tukazigawa bure kwenye saluni, makanisani, msikitini, na kwenye duka la Mhindi mmoja wa Southall, mzaliwa wa Kisumu, aliyetuwekea rundo karibu na unga wa sembe. Watu walichukua, wakafungia vitumbua. Makala zake ndefu kuhusu uhamiaji hakuna aliyezisoma.

Walichosoma ni misiba. Tukiweka picha ya marehemu, gazeti lilikwisha kabla ya ibada kwisha, na yeye aliliona hilo haraka kuliko mimi. Nikampa sharti moja tu: hatutangazi kifo mpaka mkubwa wa familia atuambie kwamba wafiwa wameshaambiwa. Kwetu mama haambiwi kifo cha mwanawe hivi hivi. Anatafutwa mtu mzima anayemheshimu, wanakwenda na wanawake wawili watatu, wanaanza na ugonjwa, wanasema amezidiwa, wanamshika, ndipo wanamwambia. Alilikubali sharti langu. Safari moja alitupa nakala zote tulizokwisha kuzikunja, kwa kuwa dada wa marehemu alikuwa bado angani kwenye ndege. Nilimpenda kama mdogo wangu kwa jambo lile.

Baadaye umbea ukamnogea. Nani kaachika, nani kanyimwa makaratasi, mchungaji gani kaonekana na nani. Gazeti likahamia kwenye simu, likasomwa mpaka Tanga na Mombasa. Akaacha basi, akapanga ofisi, akaanza kuvaa miwani ambayo macho yake hayakuihitaji. Mimi sikuitwa tena kusahihisha kitu.

Kaka yangu alianguka kazini asubuhi, huku huku London, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Nilipokwisha kupanga na ndugu zangu wa Tanga, mtu wa kwanza kumpigia hapa alikuwa yeye. Sikuwa nikimpigia kama mwenye gazeti. Nilimpigia mtu aliyekula ugali kwangu miaka nenda rudi.

"Mama hajaambiwa," nilimwambia. "Shangazi yuko njiani anatoka Korogwe kwenda kumwambia. Usimwambie mtu."

"Dada, pole sana. Leave it with me," alisema. Alikuwa akilia, nilimsikia kwa masikio yangu.

Kule Tanga, mdogo wangu anayeishi na mama alikuwa amekwisha kumchukulia simu kijanja, eti anaipeleka kuchaji. Redio ilizimwa. Mama akapewa ungo achambue mchele uani, huku wakimsubiri shangazi. Kila kitu kilikuwa kimepangika. Mara akaingia jirani, simu mkononi, machozi yanamtiririka, "Pole mama, pole." Mama akauliza pole ya nini. Yule jirani simlaumu. Gazeti lile lilijulikana kwamba halitangazi msiba mpaka wafiwa waambiwe, na sifa hiyo ilitokana na mimi. Akamwonyesha. Mama akamwona mwanawe kwenye simu ya mtu, chini ya maandishi mekundu yaliyouliza nini kilimuua.

Hakuzimia. Mdogo wangu anasema aliendelea kuchambua mchele mpaka shangazi alipofika, akaketi, akamshika mkono, akaanza kusema kwamba mwanao huko Ulaya amezidiwa. "Usijisumbue," mama alimwambia.

Nilimfuata bwana mkubwa ofisini kwake. "Dada, ningechelewa wengine wangeitoa," alisema. "It was already everywhere." Uongo. Nilitafuta kila mahali. Ilikuwa kwake tu. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kwamba ninayajua, nikaondoka.

Mwezi uliopita aliniletea kadi ya sherehe ya gazeti lake, ukumbi wa Wembley. Nilikwenda. Nilitaka kuona kama ataweza kunitazama usoni. Mlangoni walikuwa wametundika kurasa za zamani zilizokuzwa, na katikati, kubwa kuliko zote, ilikuwepo sura ya kaka yangu. Watu wenye nguo za harusi walisimama kando yake wakipiga picha.

Alinijia na suti yake, akanikumbatia. "Dada, hili ndilo toleo lililotutoa. Kaka yako alitubeba kweli kweli." Alisema kwa shukrani, bila hata chembe ya dhihaka. Hapo ndipo nilipomchukia sawasawa.

"Itoe," nilimwambia.

"After the photos, dada."

Nikaenda nikasimama mbele ya ile picha, nikajaribu kuifunika kwa mgongo. Mpigapicha akadhani nataka kupigwa. Akanipiga.

Kesho yake tulikuwa gazetini, mimi na kaka, bega kwa bega. Simu ikaita, namba ya mama. Nilipoitikia nilimsikia akihema.

"Kumbe upo," alisema. "Nimeiona picha yako kwenye lile gazeti, pembeni ya kaka yako. Nikawaambia wasimsumbue shangazi, nitapiga mwenyewe."