Mtandao Ulivyogoma Siku ya Operesheni ya Dada

Mimi ni mwoga, na sioni aibu kulisema. Naogopa mbwa, naogopa pikipiki inayokuja nyuma yangu, naogopa simu inayoita alfajiri. Lakini woga wa siku ile ulikuwa wa aina nyingine. Uliamka na mimi, hata chai ikanishinda. Dada yangu alikuwa amelazwa kwenye hospitali kubwa Dar es Salaam, na alasiri ile walikuwa wanakwenda kumfungua kifua wamrekebishe moyo. Alinitumia ujumbe mfupi tu: "Kabla hawajaja kunichukua nataka nimwone mama. Muandae."

Kumwona, siyo kumsikia, maana mama yetu hasikii. Masikio yake yalikwenda kidogo kidogo akiwa bado kijijini kwetu Mwazye, na sisi tulipokuja kushtuka yeye alikuwa ameshajifunza kusoma midomo yetu bila kumwambia mtu. Ukimpigia simu ya kawaida, unaongea na ukuta. Lakini akiuona uso wako, ukamsemesha Kifipa polepole, atakujibu mpaka lile neno ulilotaka kulimeza. Kwa hiyo ilikuwa video au hakuna. Na nilijua, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka pale nyumbani, kwamba huenda hawa watu wawili wasionane tena.

Mama alijiandaa kuliko mimi. Alinawa, akajipaka mafuta, akafunga kilemba chake cha kanisani, akakaa kwenye stuli mbele ya simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Nikapiga. Dada akapokea. Kilichotokea kwenye kioo kilikuwa vipandevipande vya rangi, halafu nusu ya uso, halafu mdomo uliobaki wazi bila kusogea. Mama aliinama akatazama, akanigeukia.

"Huyu ndiye yeye? Mbona amekuwa hivi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakata, nikapiga tena. Kaduara kakazunguka, kakazunguka, kisha simu ikajikata yenyewe.

Usiniulize kwa nini sikutumia bando. Nyumba tuliyopanga hapa Mazwi, mbali sana na Dar, iko bondeni, data ya simu inaingia kwa kusuasua, ndiyo maana wapangaji tulikubaliana na mama mwenye nyumba tuvute waifai moja ya nyumba nzima, na kisanduku chake kikae sebuleni kwake. Miezi ya mwanzo tulikula raha. Mvua zilipoanza, ikaanza kujikokota. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari: ni yule kijana mpangaji wa chumba cha mwisho, anayekesha na mipira na sinema, ndiye anayetumalizia. Nilikuwa nimemwekea kinyongo wiki nzima, na siku hiyo kinyongo kikapata kazi.

Niligonga mlango wake kama askari. Akafungua amejifunika blanketi, maana baridi ya huku na wingu lile haikuwa ya mchezo.

"Mambo, dada."

"Mambo gani? Zima kila kitu chako sasa hivi. Dada yangu anaingia kwenye operesheni na wewe unavuta sinema!"

"Sinema gani tena? Hebu ona." Akanionyesha simu yake. Kaduara kalekale kanazunguka. "Wiki nzima hata picha ya mtu siwezi kufungua. Mimi nilidhani ni wewe na simu zako za Dar."

Hata hivyo alizima. Simu, runinga, vyote. Akanionyesha mikono mitupu, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Nikarudi mbio, nikapiga. Yaleyale. Nikahamia mlangoni na simu juu, nikatoka uani, nikasimama juu ya ndoo kama kichaa. Uani ndipo nilipoliona anga. Wingu jeusi lilikuwa limelala juu ya milima ya Mbizi na linateremka upande wetu, na ndani yake kulikuwa kunamulika. Umeme ukikatika, yamekwisha.

Nikawapigia watu wa mtandao. Dada wa huduma kwa wateja, sauti tamu kama hana shida yoyote duniani, akaniambia nikizime kisanduku, nisubiri kidogo, nikiwashe. Na kama kimewekwa mahali pa kujificha, nikitoe peupe. Peupe! Kipo juu ya friji sebuleni, nikamwambia, peupe gani zaidi ya hapo?

Ikabidi niende kwa mama mwenye nyumba. Ni mtu mzima sawa na mama yangu, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga mpaka akafungua upenyo.

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo mama, nisamehe mama, naomba nione kisanduku cha waifai."

"Marahaba. Wingu lote hili, wewe unataka waifai?"

Ndani kulikuwa giza. Kioo cha ukutani alikifunika kanga. Runinga alikuwa ameifunika shuka. Sufuria zote zinazong'aa hazikuwepo kabatini. Hilo halikunishangaza, hata kwetu Mwazye wingu likitanda tulifunika vioo na kuvua nguo nyekundu, na huku watu wengi watakuambia kwamba radi haiji bure, ina mwenyewe anayeituma. Kilichonishtua ni kwamba juu ya friji hapakuwa na kitu. Palikuwa na waya tu. Nikaufuata kwa macho. Uliteremka nyuma ya kochi, ukapita sakafuni, ukaingia kwenye sanduku la bati, kubwa kama yale tuliyokuwa tunakwenda nayo bweni, na kifuniko kimeubana. Juu ya sanduku kulikuwa na mablanketi mawili.

"Mama," nikasema, "waifai imo humo?"

"Imo. Na inawaka, usiseme nimezima. Mlinisema sana nilipokuwa nachomoa kila wingu likitanda. Nikaona sawa, nisichomoe. Lakini sitaiacha inamulikamulika juu ya friji inaita radi."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Wiki nzima tunashukiana, kumbe kisanduku kimefungiwa ndani ya bati kama mfungwa, kinajaribu kutusemesha kupitia upenyo wa waya.

"Mama, tukitoe. Bati linazuia. Tukitoe sasa hivi."

Akaenda akakaa juu ya sanduku. Kweli, alilikalia. Na hakuwa anafanya ukaidi, alikuwa anaogopa. Kila mpangaji aliijua habari yake. Alikuwa msichana, wanapalilia mahindi upande wa Kaengesa yeye na mdogo wake, mvua ikawakuta shambani, radi ikampiga mdogo wake hatua chache mbele yake. Aliniambia siku moja kwamba jembe la yule mtoto lilibaki limesimama.

Radi ya kwanza ikapiga mbali kidogo. Vyombo vikalia kabatini. Nilipiga magoti pale chini mbele yake. Nikamwambia yote: kwamba ni leo, ni sasa hivi, kwamba mama amekaa kwenye stuli na kilemba chake, kwamba kama hawataonana kwenye video hawana njia nyingine, na kwamba hata mimi naiogopa radi, naiogopa sana, nipo tayari kukimbia muda huohuo, lakini naliogopa zaidi hilo lingine.

Akageuka akatazama upande wa chumba chetu.

"Hukuniambia ni leo," akasema.

Akasimama. Akaondoa blanketi moja, akaondoa la pili, akafungua kifuniko mwenyewe, akakitoa kile kisanduku kwa mikono miwili huku amefumba macho. Akakiweka juu ya meza, katikati ya chumba. Taa zake za kijani zikamulika ukuta mzima. Akavuta kiti, akakaa pembeni yake na rozari mkononi.

"Nenda kwa mama yako. Mimi nitakaa nacho."

Nilikimbia. Mvua ilikuwa imeanza matone makubwa yanayouma. Nikapiga, kwa haraka nikabonyeza jina la mtu mwingine, nikakata, nikapiga tena. Na dada akatokea. Mzima, uso wote, kofia ya hospitali kichwani, midomo mikavu. Niliona hata kovu lake dogo la nyusi.

Sauti haikuja. Sijui ni simu yake, sijui ni mtandao, nilimwona anaongea na sikusikia kitu. "Hatukusikii!" nikapiga kelele, nikaanza kubonyeza huku na huku. Mama akanisukuma kwa kiwiko.

Wao hawakuihitaji sauti. Nilikuwa nimesahau hilo. Dada ndiye aliyebaki na mama Mwazye ile miaka masikio yanakufa, na wawili hawa walizoea kuongea kwa midomo mitupu, hata kanisani padri akihubiri. Dada akasema jambo fupi. Mama akamjibu, midomo tu. Dada akaanza kulia, mama akalirudia lile lile, polepole zaidi. Mvua inapiga bati, radi zinapasuka, na mimi nimesimama nyuma yao naomba umeme usikatike. Kisha mkono wenye glavu ukapita mbele ya kioo, na dada akaondoka.

Nikamgeuza mama anitazame. "Amesema nini?"

"Amesema anaogopa."

"Na wewe umemwambia nini?"

Alifungua kilemba, akakikunja, akaendelea kukaa palepale akitazama simu iliyozimika. Nilikasirika, sifichi. Wiki nzima nilikuwa namwimbia dada asiogope, kwamba madaktari wamezoea, kwamba siku hizi moyo ni kitu kidogo, na mama anapewa nafasi moja anasema jambo la kumliza mtu anayekwenda kupasuliwa.

Shemeji, mume wa dada, alipiga kutoka hospitali kabla giza halijaingia. Ametoka, anapumua. Niliketi sakafuni.

Dada alikuja kwetu kupumzika baada ya mvua kuisha. Siku moja tunachambua maharage nikamuuliza dada, mama alimwambia nini siku ile.

"Alisema, 'Hata mimi naogopa, mwanangu. Nakuogopea hapa hapa nilipokaa.'" Akatupa jiwe dogo pembeni. "Ninyi wengine wote mliniambia nisiogope, nikabaki naogopa peke yangu."