Nimemupatia mukwe mugongo

...njo nikapanda, bamama! Mutumbwi mupya ya mukwe wangu, bwana ya binti yangu Neema, na moteri yenye ametosha Mbarara, kule Uganda. Kutembea tu mu ziwa, bila samaki, bila safari!

Wifi yangu akapiga kelele pembeni ya maji: "Mama Neema! Mutumbwi moja na mukwe wako? Haya iko wapi?"

Mukwe alikuwa nyuma na moteri, miye mbele. Nikamujibu wifi: "Nimemupatia mugongo! Unataka heshima gani ingine?"

Kweli, sikumuangalia hata kidogo. Niliangalia viboko tu mu maji, nimevaa jile, ile koti ya kuelea, juu ya kitenge. Raha mingi!

Museme hapa chini mu komenti vile munataka. Kesho napanda tena.

Tuliporudi pembeni ya maji, wifi alikuwa angali pale. Akaniambia polepole: "Hata miye mugongo niko nayo..."

Ngojeni, ananiita: "Mama Neema, leta ile jile!"