Video ya Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Nilipiga video harusi ya mdogo wangu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Kesho yake nilipofungua kompyuta, uso wa bibi harusi haukuwemo hata mara moja.

Usicheke kwanza. Subiri.

Niliona miguu. Niliona vumbi, migongo ya watu, sufuria, mbingu inazunguka kama aliyeshika kamera amelewa. Lakini kiapo, hakuna. Mdogo wangu akitoka mlangoni na gauni lake, hakuna. Keki, hakuna.

Na mimi kazi yangu ni hiyohiyo, kupiga video za harusi. Mwaka wa tisa huu.

Ngoja nikueleze kwa nini asubuhi ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Harusi hii tuliifanya kwa mikono yetu wenyewe. Mdogo wangu alikataa ukumbi, akakataa mpambaji, akakataa kila kitu cha kukodi. Mchumba wake ni seremala, akaranda mabenchi mwenyewe. Shangazi akaoka keki. Binamu zetu wakakunja maua ya karatasi mpaka vidole vikaota sugu. Mama akashona gauni kwa wiki tano, anashona, anafumua, anarudia, hasa pale kiunoni.

Video? Mimi. Nani mwingine?

Sasa Jumatano, siku tatu kabla, Mama akapanda kwenye stuli kutundika maua uani kwa mjomba, ambako harusi ingefanyika. Stuli ikateleza. Mfupa wa paja ukavunjika.

Alhamisi akafanyiwa upasuaji. Daktari akasema harusini haendi, hata kwa kubebwa.

Mdogo wangu akalia, akataka tuahirishe. Mama akawaka palepale kitandani.

"Nani aahirishe? Watu wameshafunga safari. Nyie oaneni huko, mimi niko hapa, sitoroki."

Kisha akanishika mkono.

"Wewe niletee yote. Nataka nimwone anavyotembea na lile gauni. Hilo tu."

Yeye alisema hilo tu. Kwangu likawa jambo la kufa na kupona.

Toka hapo sikukaa chini. Nilihamisha mabenchi mara nne. Niligombana na binamu kuhusu kamba ya maua, nikamwambia shemeji mabenchi yake marefu mno. Na nikatangaza sheria: simu zote kwenye kapu, pale mlangoni. Nimechoka na harusi ambazo kila nikielekeza kamera kuna mkono na simu mbele yangu.

Siku ya mazoezi simu ya Shangazi ikaita. Nikamwambia mbele za watu, "Shangazi, nikiiona tena hiyo simu naitumbukiza kwenye sufuria."

Akacheka kidogo, akaenda zake jikoni. Nikaona yameisha.

Jambo jingine. Kamera yangu ina kitaa chekundu mbele kinachowaka inaporekodi. Nikakiziba kwa tepu nyeusi, maana watu wakikiona wanakakamaa kama wanapiga picha ya kitambulisho. Mlio wa kitufe nao nikauzima, na kioo cha nyuma juani hakisomeki. Mambo ya kitaalamu hayo bwana.

Jumamosi yenyewe nilikimbia kama nimemwagiwa upupu. Bwana harusi nilimrudisha getini mara tatu aingie upya. Mjomba alisimama mbele yangu muda wote wa kiapo. Namsogeza, anarudi. Namsogeza, anarudi. Nikamfokea mpaka watu wakageuka, na yeye ni kaka yake Mama, mtu mzima wa heshima zake.

Basi ndiyo hiyo Jumapili saa mbili asubuhi, nafungua kompyuta, nakutana na miguu.

Nikafunga. Nikafungua tena. Miguu ileile.

Nikampigia mpiga video mwenzangu.

"Jana asubuhi ulijaribu kamera?" akauliza.

"Nilijaribu."

"Ukaizima?"

Nikaiangalia kamera pale mezani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliijaribu, nikasahau kuizima, ikaendelea kurekodi. Harusi ilipoanza nikabonyeza kuwasha, kumbe nimezima. Nikabonyeza kuzima, kumbe nimewasha. Siku nzima ikawa hivyo, kinyume chake. Kila nilipopiga kitu cha maana, kamera imelala. Kila nilipoiteremsha nikatembea nayo, inarekodi.

"Na kile kitaa hukukiona?"

"Nilikiziba."

Jamaa alicheka mpaka akakohoa. "Na simu za wageni? Si wamepiga kwa simu?"

"Zilikuwa kwenye kapu."

Hapo hata yeye aliacha kucheka.

Saa tisa alasiri nilibadilisha betri, kamera ikazimika kabisa, ikarudiwa na akili. Lakini maharusi walishaondoka. Kwa hiyo nina video safi, tena ya viwango, ya watu wakikunja turubai na kusugua masufuria.

Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa saa sita. Nilizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikatunga uongo wa kwanza: kamera imeibiwa. Nikauacha. Nikatunga wa pili: kadi imeungua. Ukafanana fanana na kweli, nikaufanyia mazoezi njia nzima mpaka mlango wa wodi.

Mama alikuwa ameegemea mito miwili. Shangazi amekaa pembeni anamenya chungwa.

"Umeleta?" Mama akauliza.

Nikafungua mdomo niseme kadi imeungua. Nikamtazama mguu wake ule uliofungwa, nikakumbuka ameuvunja akitundika maua. Uongo ukagoma kutoka.

"Mama, nimeharibu."

Nikamweleza yote. Nilikuwa nalia, sikufichi. Mwanaume mzima, wodi nzima inasikia.

Mama akamwangalia Shangazi. Shangazi akaliangalia chungwa.

"Kwa hiyo una miguu tu?" Mama akauliza.

"Miguu tu."

"Haya, weka tuitazame."

Nikaweka kompyuta juu ya ile meza ya chakula ya kitandani. Na Mama, sijui nisemeje, Mama akafurahi. "Viatu hivyo vya binamu yako, vinambana, ona anavyotembea! Huyu mjomba wako, soksi mbili tofauti! Jamani!" Alicheka mpaka akashika paja akiugulia maumivu.

Kidogo roho ikatulia. Nikasema kumbe Mungu yupo.

Ikaja video nyingine. Chumba cha bibi harusi. Nakumbuka nilikuwa nimemaliza kupiga gauni likiwa limetundikwa, nikaiweka kamera juu ya stuli, nikakimbia nje kufokea watu wa mabenchi. Inaonekana sakafu, na pindo la gauni mdogo wangu akishalivaa.

Mama akanyoosha mkono haraka. "Hiyo ruka."

"Kwa nini?"

"We ruka tu."

Alichelewa. Sauti ya mdogo wangu ilishaanza kutoka.

"Shangazi, imeshika? Mama ananiona?"

Halafu ikatoka sauti ya Mama. Ya kwenye simu, inakwaruza kidogo.

"Nakuona, mwanangu. Geuka. Hapo kiunoni pamekaa sawa. Ah, pamekaa!"

Nikaongeza sauti.

"Kaka asijue," mdogo wangu akasema. "Akijua ataanza kufoka, na leo sitaki kulia."

"Huyo niachie mimi," Shangazi akajibu. "Simu naificha ndani ya hili shada la maua, nakaa benchi la mbele. Mama yako ataona mpaka mwisho."

Sauti ya mjomba nayo ikaingia. "Mimi nitasimama mbele ya kaka mtu nimzibe, asikuone wewe na hiyo simu. Akifoka, nitavumilia."

Pindo la gauni likatoka mlangoni. Ikabaki sakafu.

Shangazi ghafla akawa na kazi nyingi sana na yale maganda ya chungwa.

Kwanza nilishukuru. Mama alimwona! Alimwona anatembea na gauni, aliona kiapo, aliona vyote. Nilitaka kuruka.

Halafu furaha ikanishuka yote.

"Mlijua wote?"

"Wote," Shangazi akasema.

"Hata bwana harusi?"

"Yeye ndiye aliyeichaji simu."

"Kwa nini hamkuniambia? Hili lilikuwa jambo jema! Ningesaidia!"

Shangazi akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Ungesaidia na nini, baba? Si ulisema utaitumbukiza kwenye sufuria?"

Nikamgeukia Mama. "Ina maana wananiogopa?"

Mama akanivuta karibu.

"Hawakuogopi. Wamekuchoka."

Aliyasema taratibu, bila hasira, huku ananifuta shavu kwa kanga yake. Nadhani ndiyo maana yaliniuma vile.

"Kiapo nilishakiona," akasema. "Hii miguu ndiyo sijaiona. Endelea."

Tukaangalia mpaka nesi akaja kututoa.

Nilipofika nje nikampigia mdogo wangu. Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri kabisa: samahani kwa kufoka, samahani kwa video, hongera kwa ndoa yako.

Simu ikaita mara mbili. Akapokea. Kabla sijasema hata halo, nikasikia sauti yake, ndogo, ya mtu anayejikunyata.

"Kaka, nimekosea nini?"

Bibi harusi wa jana huyo. Anaona jina langu kwenye simu, anajua amekosa.

Maneno mazuri yote yakapotea. Nikasimama pale kwenye ngazi za hospitali, watu wananipita, nikasema tu, "Hujakosea kitu, mdogo wangu. Ni mimi."

"Kweli?" akauliza, mara mbili. Hakuamini, na simlaumu.

Ndugu yangu unayesoma, sikushauri kitu kuhusu kamera. Ila ukigundua watu wa nyumbani kwako wanakuficha jambo, tena jambo jema, usianze kuwauliza wao kwa nini. Jiulize wewe, wakikuona unaingia mlangoni, nyuso zao zinakuwaje.

Mimi nimeanza kuangalia. Bado hazijakaa sawa.