Mtani Aliyetoa Mhadhara

Niseme mapema nisije nikajizungusha: siku ya msiba wa mama mmoja aliyenipenda kama mwanawe, watu walinisubiri nichekeshe, mimi nikatoa mhadhara. Wa sosholojia. Jeneza liko sebuleni.

Kwa nini walinisubiri mimi? Mimi Mhehe, yeye Mngoni wa Songea. Babu zetu walichapana vita mpaka wakachoka, wakaona bora wataniane. Kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa watani hata kabla hatujazaliwa. Alikuwa na meza ya dagaa wa Nyasa pale Kariakoo, mimi nauza mikanda na mabegi pembeni yake. Kila asubuhi ilikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mla mbwa. Leo mbwa wa jirani umemwacha mzima?"

"Nimemwacha, mama. Nimesikia kwenu Songea panya wameiva."

Akipita anachukua mkanda bila kuuliza. Mimi nachota dagaa wake nasepa. Mtani hakasiriki, ndiyo sheria.

Sasa elimu yangu. Nilisoma maendeleo ya jamii chuoni muhula mmoja na nusu, na ile nusu ndiyo iliyoniharibu. Nikarudi mtaani na daftari moja lenye wazungu watatu. Wa kwanza Mjerumani, ndevu unaweza kufagilia uwanja, anasema tajiri na mfanyakazi hawatapatana. Wa pili Mfaransa: jamii ni kama mwili, kila kiungo na kazi yake, na kuna mambo yanakusukuma ufanye hata kama humjui aliyeyaanzisha. Wa tatu Mjerumani mwingine, anasema kabla hujamweleza mtu, kwanza ujue yeye mwenyewe anachofanya anakionaje. Huyo wa tatu tulikuwa ndiyo kwanza tunamuanza, nikaacha chuo.

Kariakoo wakaniita Profesa. Walikuwa wananicheka, mimi nikapokea kama cheo. Mgambo wakija kutufukuza, nawaelimisha wenzangu: "Huu ni mgongano wa kitabaka!" Huku nimebeba mabegi kumi mgongoni, natimua mbio kuelekea Gerezani.

Mama huyo alikuwa na binti mmoja tu, rafiki yangu tangu shule ya msingi Ilala. Mama alipoanza kuumwa, siku moja aliniita mezani, bila utani. Akaniambia, "Mwanangu yule anakaza moyo. Baba yake alipokufa alikaa siku tatu kama jiwe, mpaka watani walipomchekesha ndipo akalia. Zamu yangu ikifika, umfungue wewe."

Nikamjibu, "Mama, wewe hufi, hata kuzimu hawataki harufu ya dagaa." Akacheka mpaka akakohoa. Lakini nilikuwa nimekubali, na yeye alijua nimekubali.

Zamu ikafika. Maturubai yamefungwa nyumbani kwao Ilala, watu wamejaa. Rafiki yangu akanitoa pembeni, macho makavu kabisa, akanipa aproni ya mama yake na ile kofia yake ya ukindu. "Alisema uvae hivi."

Kazi ya mtani msibani inajulikana. Unavaa vitu vya marehemu, unamuigiza, unakaa mlangoni unazuia jeneza lisitoke mpaka wakubembeleze. Nilikuwa nimejiandaa. Nikavaa, nikashika kiuno kama yeye, nikasimama mlangoni nikapiga kelele: "Dagaa! Dagaa wa Nyasa, hawana mchanga! Mchanga mtaukuta mnakonipeleka!"

Watu wakaanza kuguna ile ya kicheko kinakuja. Nikamwona rafiki yangu mdomo unamtetemeka.

Hapo hapo kijana mmoja mwenye tai, mpwa wa marehemu, katoka kuhitimu chuo kikuu, akaniuliza kwa upole: "Samahani kaka, hivi huku sio kumkosea heshima marehemu?"

Mhehe yeyote mwenye akili timamu angemjibu, "Kaa kimya wewe Mngoni, babu zako waliacha ngao wakakimbia." Ningemaliza mchezo. Lakini mimi nilichoona ni digrii. Nikaona leo ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba na sisi chuoni tulifika. Nikavua kofia.

"Swali zuri," nikasema.

Nikaanza. Utani una kazi yake katika jamii. Nikamleta Mfaransa na mwili wake na viungo vyake. Nikaeleza mshikamano. Nikaeleza kwamba kicheko msibani kinawasaidia wafiwa kutoa huzuni. Nilieleza vizuri sana, jamani. Chuoni sijawahi kueleza vile. Padri akaangalia saa. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Huyu mtani au mgeni rasmi?"

Wanaume wakabeba jeneza wakanipita. Hakuna aliyenibembeleza. Nilisogea mwenyewe, mkono bado uko hewani nafafanua. Rafiki yangu akapita nyuma ya mama yake, mdomo umetulia, uso kama ukuta.

Kijana wa tai akanishika mkono. "Asante kaka, nimejifunza." Huyo peke yake ndiye niliyemsaidia siku ile.

Baada ya arobaini nikapeleka aproni mezani, nimeifua. Sasa pale anakaa rafiki yangu. Nikajaribu kuchota dagaa kama zamani, akanitazama tu, nikawarudisha. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia daftari nimelitupa, jambo ambalo si kweli, liko chini ya godoro.

Akaikunja ile aproni mara nne.

"Profesa," akasema, "ulisema kweli tupu siku ile, yote ndivyo ilivyo. Nilikuwa nimeanza kucheka. Nikasema nikishacheka nitalia. Basi nikasubiri umalize kueleza." Akaiweka aproni chini ya meza. "Mpaka leo sijalia."