Masharubu ya Baba

"Laa ilaaha illa llah," sauti nzito za wanaume zikipanda na kushuka kwa mwendo wa miguu yao: hizo nazisikia mpaka leo, na kila nikizikumbuka uso hunipata moto, maana wallahi sijawahi kuaibika vile mbele ya Likoni nzima.

Baba alikufa bila kupigwa picha, na miaka ile ya vita mama akaanza kuniambia, "Mwanangu, uso wa babako wanipotea." Basi mimi (chuoni Kurani nilisoma, skuli madarasa mawili tu, lakini kwa ndoto sina mpinzani) nikawaza: si kila mtu husema nimefanana na baba, pua na nyusi? Mpiga picha wa mjini alikuwa ametundika shuka lake la kupigia picha nyuma ya soko, na alasiri avuka kivuko kurudi mjini. Nikavaa kanzu ya baba, koti lake, kofia yake, nikajichora masharubu kwa wanja. Ningeweza kuvificha vitu hivyo chini ya buibui langu nikavivalie huko huko, lakini nilitaka kwanza nitembee kama yeye. Hapo ndipo nilipoharibu.

Njiani nikakutana na jeneza, na mwanamume hapiti jeneza asitie bega. Mzee mmoja akanishika mkono. "We kijana, maiti wampita hivi hivi? Beba!" Nikabeba (ningesema nini, na sauti yangu hii?), jua kali, wanja wanichuruzika mdomoni, nami nakaza mwendo zamu yangu iishe, mpaka mtu akaita kutoka nyuma, "We kijana wa mbele! Taratibu!"

"Abee!" nikaitika. Abee, kama mtoto wa kike aliyefunzwa adabu, badala ya naam!

Dhikri ikakatika. Nikageuka, kofia ikaanguka, misuko ya nywele ikamwagika mabegani (marehemu na watu wake wanisamehe).

"Subhanallah! Mwanaisha!" Aliyeita kumbe ni ami yangu, ndugu yake baba. Akatia bega lake mahali pangu. "Nyumbani, sasa hivi!"

Nikaokota kofia nikakimbia, lakini si nyumbani. Mpiga picha alikuwa akikunja shuka.

"Bwana au bibi?" akauliza.

"Piga tu," nikamwambia nikihema, nikisukuma misuko ndani ya kofia na kujipangusa wanja usoni. "Mimi ni baba."

Picha ilipokuja, mama aliisogeza penye mwanga wa mlango, akaitazama muda mrefu. "Ndiye," akasema. "Ila masharubu yako wapi?" Akacheka, kisha akalia, nami nikafuata vyote viwili.

Kanzu ile nimeapa siivai tena kabla ya kuuliza mtaani kama kuna msiba. Lakini mama alipokwenda kisimani, nilichovya kijiti kwenye wanja, nikaiinamia picha, nikazuia pumzi, nikamrudishia baba masharubu yake.