Mapera katika Chupa ya Kumi na Nne

Kwa miaka kumi na mmoja Mbinya amepika uji usionywewa na mtu. Unga wa mahindi, sukari nguru na hamira. Humimina katika chupa za maabara, na nzi wa matunda wakala, wakataga, wakafa. Kila Jumatatu hutundika mitego ya ndizi ya kunasia nzi wapya katika soko la Kariobangi, karibu na kwake.

Siku hiyo Eve, mwanafunzi, aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini, akamgeukia Mbinya.

"Mama Kyalo, nzi wako wa soko wana maajabu."

Daktari Thuo, mkuu wa maabara, akachungulia, akatabasamu. Katika kromosomu ya buu mmoja kulikuwa na kitanzi. Zamani kipande cha kromosomu kilikatika, kikageuka nyuma mbele, kikajiunga tena. Sasa kikilala kando ya kromosomu iliyonyooka, hujipinda ndipo zilingane. Kipande hicho walikuwa wamekiona kwa nzi wa Kibwezi tu.

"Wanasafiri," Thuo alisema. "Wanazaana na wa hapa. Hii tutaiandika."

"Ni chupa gani?" Mbinya aliuliza, ingawa alijua.

"Ya kumi na nne."

Machi iliyopita mamake alimtumia katoni ya mapera kwa basi kutoka Kibwezi, kama kila mwaka. Yalifika yamepondeka. Mbinya alikula, akagawia majirani, lakini maganda hakuyatupa. Alilelewa na mama asiyetupa kitu kabla hakijafanya kazi ya pili. Jumatatu ndizi zilipopungua, akayatia katika mtego mmoja. Wakati huo hakufikiria kwamba yalikuwa na mayai ya nzi; nzi wa mtego huo ndio waliotiwa katika chupa ya kumi na nne. Aprili mama akazikwa. Juni kaka yake akakata mpera wa mama, apate pa kujenga. Tangu hapo, kila asubuhi, kabla hajavua koti, Mbinya huinua chupa ya kumi na nne dirishani na kuwatazama.

Kama angenyamaza, angeendelea kuwapikia.

"Daktari," alisema, "hawa hawakusafiri. Niliwaleta mimi, ndani ya maganda ya mapera."

"Mapera ya nani?"

"Ya mama."

"Yule tuliyemzika?"

"Huyo."

Thuo alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Ungenyamaza, nisingejua."

"Ungeandika uongo, na mpishi ni mimi."

"Basi unajua chupa iliyochanganyika inaenda wapi."

"Kwa friza, nzi wafe. Nitaipeleka mwenyewe. Ila kwanza nionyesheni. Miaka yote hii sijawahi kuchungulia."

Eve alimpisha. Mbinya akaona mistari myeusi na myeupe imepangana kama ya kiondo, kisha pale katikati, kitanzi.

"Ndani ya hicho kipande jeni hazichanganyiki sana na za hapa," Eve alisema polepole. "Zinapita pamoja kwa watoto, vile zilitoka nyumbani."

Mbinya alitazama mpaka jicho likatoa machozi, akalifuta, akatazama tena. Kisha akabeba chupa kwa mikono miwili mpaka kwenye friza, akafunga mlango.

Jumatatu alitundika mitego sokoni, ya ndizi tupu. Kibanda cha pili kilikuwa na mapera, na harufu yake ikamvuta.

"Chukua, mathe, ni tamu," muuzaji alisema.

Mbinya alishika moja, akalinusa.

"Yametoka wapi?"

"Murang'a."

Akalirudisha taratibu juu ya mengine, upande ulioiva ukitazama juu.